Kalamu ya Hakimu na Foleni ya Malaba

Jumatatu ndiyo siku nzito kuliko zote katika korti za mpaka wa Kenya na Uganda. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Basi wote walionaswa tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, kuanzia Busia hadi Malaba na katika njia zote za panya zilizo kati ya miji hiyo, hushushwa pamoja asubuhi ya Jumatatu. Yumo aliyeshikwa na bangi, aliyeshikwa na chang'aa, aliyevusha sukari kwa baiskeli, aliyepigana baa, aliyeiba pikipiki akanaswa kabla hajaifikisha ng'ambo, na yule ambaye kosa lake lote ni kuvuka bila karatasi kwenda matanga ya shangazi yake.

Kuna karani mmoja aliyewapokea watu wa namna hiyo kwa miaka mingi katika korti za ukanda huu. Kazi yake ilikuwa kuita majina, kubeba mafaili na kutafsiri: Kiteso kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na siku mkalimani mwingine asipofika, Kikhayo na Kisamia pia. Karani huyo ndiye anayeandika makala haya. Anajiita karani kwa sababu hilo ndilo jina aliloitwa kazini, sokoni na hata kanisani, mpaka wanawe shuleni wakawa "wa karani".

Kiti chake kilikuwa hatua mbili chini ya meza ya hakimu, kikielekea ukumbini. Wakili huona uso wa hakimu. Mshtakiwa, akiwa kizimbani, huona meza kubwa na nembo ya taifa ukutani. Karani akigeuka huona mkono unaoandika, na baada ya miaka kadhaa aliona ni afadhali kuutazama huo kuliko uso, kwa maana uso wa hakimu umefunzwa kunyamaza.

Kwa miongo mingi hakimu wa Kenya aliandika kila kitu mwenyewe, kwa mkono. Shahidi husema sentensi moja, mkalimani huitafsiri, hakimu huiandika, na wote husubiri kalamu itue ndipo shahidi aendelee. Kesi huenda kwa mwendo wa kalamu. Karani alijifunza kusoma saa katika mwandiko: saa tatu asubuhi herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, saa sita zimeanza kulala, saa tisa alasiri mstari mmoja unaukalia mwingine. Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mpango wa kuwasilisha kesi kwa mtandao nchi nzima, na makarani wengi walipumua. Hata hivyo, faili likiingia kwa mtandao halimpunguzii hakimu hata shahidi mmoja wa kumsikiliza.

Mpaka nao una saa yake. Busia na Malaba ziko kwenye njia kuu ya mizigo itokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo mashariki. Shahidi wa Nakuru au Kakamega akiambiwa arudi mwezi ujao, atarudi au atatumiwa polisi wa kumleta. Shahidi wa Malaba ni dereva wa masafa marefu. Mwezi ujao atakuwa Sudan Kusini akingoja kushusha saruji. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Wafanyabiashara walishangilia, na walikuwa na haki. Karani aliwaza jambo moja tu: sasa mashahidi wataondoka upesi zaidi. Januari 2022, madereva walipogomea ada ya kupimwa korona upande wa Uganda na foleni ya Malaba ikarefuka kwa kilomita nyingi, mtu wa korti angeweza kufanya mzaha kwamba kwa mara ya kwanza mashahidi wote wapo.

Kuna pia vielelezo visivyongoja. Katika miji mingine kielelezo ni panga au simu, hukaa stoo mwaka mzima bila malalamiko. Mpakani kielelezo ni nyanya, ni mayai, ni omena. Karani anakumbuka gunia la omena lililoletwa Jumatatu baada ya kulala kituoni siku mbili; ilipofika saa nne, mawakili walikuwa wameshahamia benchi la nyuma. Hakimu alilazimika kuamua habari ya samaki kabla ya kuamua habari ya mtu: wapigwe picha, wauzwe au waharibiwe, amri iandikwe, fedha zihifadhiwe. Dakika 20 zikaenda kwa omena. Mwenye omena, mama aliyesafiri kutoka upande wa pili wa Ziwa Victoria, alipewa dakika 6.

Hesabu hiyo ya dakika ilimkaa karani moyoni. Lakini ni faili jingine lililomfunza zaidi, na katika faili hilo mkosaji alikuwa yeye.

Ilikuwa Ijumaa, katika korti ambayo haitatajwa. Kesi ya mwisho ilikuwa ya tanboi, kijana mwembamba wa upande wa Tororo, aliyeshtakiwa kuiba lita 20 za dizeli kutoka kwa trela lililokuwa kwenye foleni. Dereva wa trela hilo, mlalamishi, alikuwa ameketi benchi la mbele akichezesha funguo. Mzigo wake ulikuwa umefungwa kufuli ya kielektroniki ambayo watu wa ushuru huifuatilia safari nzima, na kila saa aliyokaa pale ilikuwa saa ya kujieleza kwa tajiri. Mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba shahidi huyu akiondoka leo, hatapatikana tena. Hakimu akatazama saa ya ukutani. Karani naye akaitazama. Ilikuwa saa kumi kasorobo, na matatu ya karani iliondoka saa kumi na nusu.

Karani alisoma shtaka kwa Kiteso. Kijana akajibu kwa maneno mengi, ya haraka, macho chini. Ndani yake mlikuwa na jerikeni, mlikuwa na usiku, mlikuwa na "yeye" na "mimi" kadhaa. Karani akamgeukia hakimu akasema:

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Kalamu ikaandika. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kosa, ukurasa mmoja na nusu, kwa pumzi moja. Alipomaliza, kalamu ilikuwa imesimama. Hakimu alikuwa anamtazama kijana, kisha akamtazama karani.

"Karani, huyu kijana amesema maneno mangapi?"

"Kadhaa, Mheshimiwa."

"Nawe umenipa mangapi?"

Watu ukumbini wakacheka. Funguo za dereva zikanyamaza.

"Muulize tena. Neno kwa neno."

Jibu, lilipotafsiriwa kama lilivyosemwa, lilikuwa hivi: kweli, jerikeni alikuwa ameishika yeye. Dereva ndiye aliyemwita amshikie ili auze mafuta kidogo kabla ya kuvuka. Taa za gari la polisi zilipotokea, dereva akapiga kelele za mwizi. Kama yalikuwa kweli au uongo, hilo ni jambo la mashahidi. Ila mtu aliyesema maneno hayo hajakiri kosa la wizi, hata kidogo. Hakimu akachora mstari juu ya alichoandika, akatia sahihi pembeni, akaandika upya kwamba mshtakiwa amekana.

Utaratibu uliomwokoa kijana yule ni wa zamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza hatua za kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe, maelezo ya kosa yasomwe, kisha apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza neno. Hatua hizo ukizihesabu saa kumi kasorobo jioni ya Ijumaa, zinaonekana ni kero. Korti inajua tayari, mbona izunguke? Nazo ziliwekwa kwa ajili ya saa kumi kasorobo hasa. Saa tatu asubuhi, chai ikiwa bado moto tumboni, karibu kila hakimu ni mwadilifu na karibu kila mkalimani ni mwaminifu.

Baadaye, chemba, karani alikwenda kuomba radhi. Hakimu alikuwa anafunga mkoba. Hakumkemea. Alisema, "Mimi pia nilitaka kwenda nyumbani. Zile funguo zilikuwa zinanisukuma." Matatu ilikuwa imeondoka. Karani alilala mjini kwa binamu yake.

Watu wa vyuo wamejaribu kuipima saa kumi kasorobo hiyo. Mwaka 2011 Shai Danziger na wenzake walichapisha uchunguzi wa maamuzi zaidi ya 1,000 ya majaji wa Israeli waliokuwa wakisikiliza maombi ya wafungwa ya kuachiliwa kabla ya muda. Mwanzo wa kikao, maombi karibu 65 kwa kila 100 yalikubaliwa. Kadiri muda ulivyokwenda, kiwango kilishuka hadi karibu sufuri. Baada ya mapumziko ya chakula kikapanda tena palepale. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima: jaji mwenye njaa ni jaji mkali. Mwaka huohuo Keren Weinshall-Margel na John Shapard wakaitia mchanga. Walionyesha kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu, na kwamba wafungwa wasio na wakili mara nyingi waliangukia mwisho wa kikao, karibu na mapumziko.

Aliposoma hoja ya pili karani alicheka peke yake, kwa kuwa aliijua bila takwimu. Katika korti za Kenya mawakili hupewa nafasi ya kwanza, nao huheshimiana kwa miaka ya kazi: mkongwe husimama mbele, kijana baadaye. Raia asiye na wakili hungoja. Ikifika zamu yake ni karibu saa saba, hakimu amechoka, mwendesha mashtaka amechoka, karani ana njaa. Kwa hiyo swali la kama njaa ya hakimu ndiyo inayomfunga maskini, au umaskini wake ndio unaompeleka mbele ya hakimu saa ya njaa, ni swali ambalo ukikaa Busia huwezi kulijibu kwa upande mmoja. Mambo hayo mawili yamefungwa kamba moja.

Uchunguzi mwingine unachekesha na kutisha. Mwaka 2006 Birte Englich, Thomas Mussweiler na Fritz Strack waliwapa wanasheria wa Ujerumani kesi ya kubuni ya mtu aliyeiba dukani, kisha wakawaambia warushe dadu kabla ya kusema adhabu. Dadu zilikuwa zimetegwa: ama zitoe jumla ya 3, ama 9. Waliopata 3 walitoa wastani wa miezi 5 hivi. Waliopata 9, miezi karibu 8. Hawa ni watu wa sheria, na walijua dadu si ushahidi.

Busia haihitaji dadu, mwendesha mashtaka anatosha. Akisema "hiki ni kisa cha kumi wiki hii", namba kumi tayari imeshapanda kizimbani pamoja na mtu ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kushikwa.

Kuhusu hisia, sheria ina jambo la ajabu. Hasira ya mshtakiwa inatambuliwa: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 207 na 208, inasema aliyeua kwa kuchokozwa ghafla, kabla damu haijapoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia, na kwa hiyo anaweza kuepuka adhabu ya mauaji. Sheria imekaa chini ikafikiri damu ya mtu huchukua muda gani kupoa. Kuhusu damu ya hakimu, kuna kiapo tu. Anaapa kutenda haki kwa wote bila woga, upendeleo, mapenzi, chuki wala ushawishi wa kisiasa au wa kidini. Kiapo kinataja woga, mapenzi na chuki kwa majina, na hiyo ni dalili kwamba waliokiandika walijua vimo ndani ya mtu.

Karani aliwahi kufanya kazi na hakimu mwingine, mahali pengine, mtu mwema aliyekuwa mwepesi wa hasira. Asubuhi moja simu ililia ukumbini, ikazimwa, ikalia tena. Mwenye simu alipelekwa seli akae hadi jioni. Aliyefuata kizimbani alikuwa mama wa chang'aa, aliyekiri papo hapo kama alivyozoea. Karani alijua faini ya chang'aa katika korti ile kama alivyojua bei ya unga. Siku hiyo mama alipigwa faini mara mbili ya ile ya kawaida. Faili linaonyesha nini? Shtaka, jibu, maelezo, faini, kifungo asipolipa, tarehe. Jaji wa rufaa angelisoma leo angeona kazi safi. Simu haimo, na wala mama hakukata rufaa. Alilipiwa faini na dada zake, akarudi kwenye mapipa.

Hasira haiandikwi katika mwenendo wa kesi. Karani anafikiri hiyo ndiyo hatari yake kubwa, kuliko makelele yenyewe.

Huruma nayo huja bila hodi. Mtoto akitoa ushahidi, hata kalamu ya hakimu mkongwe hupunguza mwendo. Karani amemwona hakimu akiomba mapumziko ya dakika 10 katikati ya ushahidi wa msichana mdogo, na alipopeleka chai chemba akamkuta ananawa uso. Hakimu yule hakutoa uamuzi wowote siku hiyo. Alifunika kalamu, akasema hukumu itasomwa baada ya majuma matatu. Zamani karani alidhani kuahirisha namna hiyo ni uvivu, na mara nyingine ni uvivu kweli, maana mahabusu analala sakafuni majuma hayo yote. Siku ile hakuwa na shaka: mtu alikuwa anakimbia machozi yake mwenyewe ili asiyaandike kama ushahidi.

Kaunti ya Busia inalikumbuka shinikizo la namna nyingine. Juni 2013 msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume akitoka matangani, akaumizwa vibaya. Washukiwa watatu waliokamatwa waliamriwa kukata nyasi katika kituo cha polisi, kisha wakaachwa waende zao. Habari ilipotoka magazetini, watu zaidi ya milioni moja duniani walitia sahihi kudai haki, na tarehe 31 Oktoba 2013 waandamanaji walijaa Nairobi, wengine wakibeba nyasi. Aprili 2015 korti ya Busia iliwahukumu wanaume watatu kifungo cha miaka 15.

Hebu fikiria kukaa kwenye kiti kile. Nje ya ukumbi kuna sahihi milioni. Ndani kuna washtakiwa ambao, kwa mujibu wa Katiba, hawana hatia mpaka ushahidi useme vinginevyo. Nyasi ziliwafanya watu wakasirike, na walistahili kukasirika. Ila nyasi ni kosa la polisi, hazithibitishi nani alifanya nini usiku ule. Tangu tendo hadi hukumu ilipita karibu miaka 2. Kwa aliyeumizwa ni muda mrefu mno. Kwa anayetakiwa kuwasikiliza mashahidi mmoja mmoja huku dunia ikigonga mlango, hakuna namna ya kuufanya uwe wa siku chache bila kuacha kitu nyuma.

Wakati mwingine sheria humnyang'anya hakimu hisia zote, kana kwamba haimwamini. Kwa miaka mingi aliyepatikana na hatia ya mauaji alipewa adhabu moja tu, kifo, hata kama jaji mwenyewe aliona kuna sababu ya kumpunguzia. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema tarehe 14 Desemba 2017 kwamba ulazima huo unakiuka Katiba. Basi wafungwa wakaanza kurudishwa mbele ya majaji wasikilizwe upya juu ya adhabu: alikuwa na umri gani, ametubu, amejifunza ufundi gani gerezani. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Na tarehe 12 Julai 2024 ikathibitisha kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 vinabaki palepale: miaka 20 au zaidi mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, miaka 15 au zaidi akiwa na 16 au 17.

Karani anazielewa sababu za sheria hiyo. Amewatafsiria watoto wengi mno asizielewe. Lakini amemtafsiria pia kijana wa miaka 19 na msichana wa 17, watoto wa majirani; msichana alikuwa akilia kwenye benchi la mashahidi kwa sababu hakutaka mshtakiwa afungwe. Kalamu ya hakimu ilizunguka hewani muda mrefu siku hiyo, kisha ikaandika namba ambayo Bunge lilikuwa limeiandika zamani.

Mahali ambapo hisia bado zina nafasi pana ni kwenye dhamana, na hapa mpaka unaingia ukumbini kwa miguu yake. Katiba inasema mshtakiwa aachiliwe kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuna sababu nzito. Hakimu wa Malaba au Busia akiinua macho, Uganda iko karibu kuliko soko. Bodaboda yenyewe ilizaliwa hapa, baiskeli zikiwapitisha watu kutoka kizuizi kimoja hadi kingine; mpaka si kitu kwa anayetaka kuuvuka. Kabla ya 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, na Wateso wa Amagoro na wa Tororo bado huoana na kuzikana kana kwamba mstari haupo. Mkenya wa Matayos humleta mjomba mwenye hatimiliki ya shamba, akatoka jioni. Mganda, kwa kosa lilelile, ana mjomba pia na shamba pia, ila hati imeandikwa Uganda. Anabaki rumande. Kwenye faili inaandikwa kwamba anaweza kutoroka. Karani haoni haya kusema kwamba mara nyingi huo ulikuwa woga, woga wa hakimu kuulizwa na wakubwa wake mtu yule alikwenda wapi.

Na woga huo nao si wa bure. Tarehe 13 Juni 2024, hakimu Monica Kivuti wa korti ya Makadara, Nairobi, alipigwa risasi akiwa kazini, katika hema lililotumiwa kama ukumbi, muda mfupi baada ya kufuta dhamana ya mwanamke ambaye hakuwa akifika kortini. Aliyempiga alikuwa afisa wa polisi, mume wa mwanamke huyo. Hakimu alifariki. Habari ilipofika mpakani, karani alikumbuka jinsi kumbi alizofanyia kazi zilivyokuwa ndogo, na ndugu za mshtakiwa walivyoketi karibu kiasi cha kusikika wakihema.

Juu kabisa pia saa hugonga. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais lazima iamuliwe ndani ya siku 14. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo tarehe 1 Septemba, kisha ikatoa sababu zake kamili tarehe 20 Septemba. Waliobobea kuliko wote, wenye wasaidizi na maktaba, walihitaji siku 19 zaidi kuandika walichokuwa wameshakiamua. Hakimu wa mpakani hutakiwa kuamua na kueleza sababu papo hapo, na pale chini mama mwingine anasubiri jina lake liitwe.

Tanboi wa jerikeni alipewa dhamana siku ileile ya Ijumaa, yenye masharti ya mdhamini Mkenya. Hakumpata. Alikaa rumande wiki 11. Dereva alipelekewa hati ya kuitwa shaurini mara tatu. Mara zote alikuwa safarini, na mara ya nne mwendesha mashtaka akaiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kijana alipoteremka kizimbani alimsalimu karani kwa Kiteso, "Yoga", kana kwamba wamekutana sokoni, akauliza kama anaweza kurudishiwa jerikeni. Ilikuwa ya mamake. Hakimu alitia sahihi amri asubuhi hiyohiyo.

Msomaji, ukiwahi kusimama kizimbani, au ndugu yako akisimama, usione haya kusema kwamba lugha inayotumika huielewi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa mkalimani bila malipo. Mkalimani akifupisha maneno yako, mwambie hakimu palepale, hata kama ni Ijumaa jioni na watu wanataka kwenda nyumbani. Na kama uamuzi wa hakimu haukukuridhisha, muda wa kukata rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu ni siku 14.